Mteja aliyeomba bei kisha akanyamaza: Jinsi ya kumfuatilia

FUNDI wa samani hupigiwa simu, huenda nyumbani kwa mteja, hupima, huandika makadirio ya gharama na kuyatuma. Kisha kimya. Wengi huchukulia kimya hicho kuwa wamekataliwa, ilhali mara nyingi mteja angali anangoja mshahara, anashauriana na mwenzake au amelipa karo kwanza. Januari, hasa, si mwezi wa kumhukumu mtu.

Siku tatu au nne baada ya kutuma bei, mpigie simu saa za kazi. Usimuulize iwapo ameamua, kwani swali hilo humbana. Muulize kama vipimo viko sawa, au kama angependelea mbao za saiprasi badala ya mahogani. Jibu lake litakuonyesha kizingiti kilipo: bei, muda au kazi yenyewe.

Asiposhika simu, mwandikie ujumbe mfupi unaotaja kazi, bei na tarehe ambapo bei hiyo itafikia kikomo. Tarehe hiyo ina uzito kisheria. Bei iliyowekewa muda hukoma muda huo unapoisha, nawe hutalazimika kuuza kwa bei ya zamani iwapo mbao zimepanda.

Ujumbe wa pili uwe wa kuaga kwa heshima, ukimwachia mlango wazi. Zaidi ya hapo ni usumbufu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mtu haki ya kupinga nambari yake kutumiwa kumtangazia biashara.

Mambo hubadilika kabisa mteja anapokuwa serikali kuu au kaunti. Hapa simu ya kirafiki kwa afisa wa ununuzi yaweza kukuponza. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 humkataza aliyewasilisha zabuni kuwasiliana na ofisi husika kwa njia inayoweza kuonekana kuwa jaribio la kushawishi tathmini. Sheria iyo hiyo huipa tathmini siku 30 zisizozidi, na huitaka ofisi kuwaarifu kwa maandishi walioshindwa, pamoja na sababu. Asiyeridhika ana siku 14 tangu kuarifiwa kukata rufaa kwa bodi inayosikiza malalamishi ya zabuni za umma. Kwa hivyo, barua ikifika, andika juu yake tarehe uliyoipokea.