Kutoka Ubao wa Chuoni hadi Tableti

Chombo cha kujifunzia kinachoshikwa mkononi si kigeni kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alipoifanya Kasongo makao yake miaka ya 1870, watu wa pwani walikuja na Kiswahili, Uislamu na desturi ya chuo cha Kurani, ambako mtoto hushika ubao wake, huandika aya, huikariri, kisha huuosha aandike nyingine. Jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, liliiteka Kasongo mwaka 1893 na Kabambare, ngome yao nyingine, ikaanguka mwaka uliofuata. Utawala wa watu wa pwani ulivunjika, lugha na dini vikabaki. Kwa sababu hiyo, mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma na kuhesabu, yanawahusu watoto wa huku pia. Programu za washindi wa mwaka 2019, onebillion na Kitkit School, zilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji vya Tanga, Tanzania, kwenye tableti zilizochajiwa kwa umeme wa jua, na msimbo wa programu hizo ukaachwa wazi.

Wapo watakaosema Kiswahili cha Tanga si Kingwana, Kiswahili cha mashariki mwa Kongo. Ni kweli, lakini msimbo ulio wazi hurekebishika, sauti na maneno yakawekwa ya Kasongo. Pingamizi zito zaidi dhidi ya kulinganisha ubao na tableti ni kwamba chuo kilifundisha kukariri, ilhali Seymour Papert, mtaalamu wa kompyuta na elimu, alitetea, katika kitabu chake cha 1980, kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiamuru kompyuta. Hata hivyo, ubaoni mwanafunzi aliandika kwa mkono wake na kosa lake likafutika kwa maji. Tableti ya kugusa picha tu humpa kazi ndogo kuliko hiyo.