Satelite inaona nini moto unapowaka Tshopo?

Mwezi wa Januari, kama mvua imepungua, hewa ya Wagenia inabeba moshi wa namna mbili. Kuna ule wa samaki wanaokaushwa karibu na mto, na kuna ule wa mashamba mapya, unaoletwa na upepo kutoka vijiji vilivyo nje ya Kisangani. Moshi wa kwanza satelite haiujui kabisa. Moto wa pili inauona mara moja-moja tu. Na bado ni kwa kutazama nukta za satelite watu wa mbali wanasema kama msitu wa Kongo unaungua ao hauungui, na nani alaumiwe.

Hizo nukta zinatoka wapi? Satelite haipigi picha ya ndimi za moto. Inapima joto linalopanda kutoka ardhini. Kifaa kinachoitwa MODIS, kilichobebwa na satelite Terra (ilirushwa Desemba 1999) na Aqua (Mei 2002), kinagawanya ardhi katika visanduku vya kilometa 1 kila upande, yaani hekta 100. Kisanduku kikiwa na joto kupita majirani zake, kompyuta inaweka nukta nyekundu. Kifaa kipya zaidi, VIIRS, kinafanya kazi tangu 2011 na visanduku vyake ni vya mita 375, karibu hekta 14. Shirika la NASA la Marekani linatoa nukta hizo bure kwenye intaneti, katika mfumo wa FIRMS, saa chache tu baada ya satelite kupita.

Sasa, shamba la familia moja kule barabara ya Buta mara nyingi halifiki hata hekta 2. Nukta haisemi kwamba hekta 14 zimeungua. Inasema tu kwamba ndani ya kisanduku hiki kuna kitu kilikuwa kinawaka saa hiyo.

Mwezi wa Agosti 2019 tuliona namna jambo hili linavyochanganya watu. Dunia ilikuwa inalilia Amazonia, na kampuni ya hali ya hewa Weather Source ikahesabu nukta za MODIS za siku mbili: Angola 6,902, Kongo 3,395, Brazili 2,127. Maneno yakaenea kwamba Afrika inaungua kuliko Brazili, na Rais Macron wa Ufaransa, wakati wa mkutano wa G7, naye akataja msitu wa Afrika. Hesabu haikuwa ya uongo. Lakini nukta nyingi za Kongo zilikuwa kusini, kwenye nyasi za upande wa Kwango, Kasai na Katanga, ambako Agosti ni kiangazi na majani makavu huchomwa kila mwaka. Karibu asilimia 70 ya eneo linaloungua duniani liko Afrika, na sehemu kubwa ni nyasi, siyo msitu mnene.

Ukitazama nukta za mwaka mzima, unaona moto unatembea. Desemba mpaka Februari uko kaskazini, Bas-Uele na Haut-Uele. Juni mpaka Septemba umevuka ikweta, uko Katanga. Kisangani iko katikati na haina kiangazi cha kweli. Ina majuma machache tu ya mvua ndogo. Hapo ndipo mkulima anakata miti, anaiacha ikauke, na anachoma kabla mvua za Machi hazijarudi, ili apande mpunga, muhogo ao ndizi.

Juu ya hayo kuna mawingu. Kila satelite yenye VIIRS inapita mara moja mchana, jua likiwa limetoka utosini, na mara moja katikati ya usiku. Kama wingu limefunika Bafwasende saa hiyo, moto wa huko haupo kwenye ramani. Tanuri la makala nalo linawaka chini ya udongo siku nyingi bila kutoa nukta. Watafiti waliotumia satelite za Ulaya za Sentinel-2, zenye picha kali zaidi, walipima Afrika ya kusini mwa Sahara kwa mwaka 2016 na wakapata eneo lililoungua linalozidi lile la MODIS kwa karibu asilimia 80. Tofauti hiyo ni mioto midogo, ile ya watu wa kawaida.

Je, msitu wetu hauwezi kuungua wenyewe? Unaweza. Mwanzoni mwa 2016, ukame mkali wa El Niño ulipopiga, moto uliingia msituni kaskazini mwa Kongo-Brazzaville. Satelite Sentinel-1 na Sentinel-2 zilipima hekta 36,000. Iliungua hasa misitu ya wazi, yenye majani mapana ya jamii ile ambayo mama wa sokoni hufungia kwanga, na moto ulifuata sehemu ambazo watu wanaweza kufika.

Kwa kawaida, lakini, Kongo hupoteza msitu kwa shoka kwanza, moto unafuata. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 84 ya uharibifu wa misitu ya bonde la Kongo, kati ya 2000 na 2014, ilitokana na mashamba madogo yasiyotumia mashine. Kujua kama nukta fulani ya Tshopo ni kichaka cha zamani kinachorudiwa ao ni msitu uliokuwa haujaguswa, mtaalamu analinganisha picha za Landsat, ambazo kisanduku chake ni mita 30, za kabla na za baada. Picha isiyo na wingu, hapa kwetu, inaweza kungojewa miezi.