Flashi tupu? Usifomati, andika amri hii

Wadau, umechomeka flashi kwenye mashine ya kafe, kuifungua haina kitu, au mafolda yote yamegeuka shotikati? Usikimbilie kufomati! Mara nyingi kirusi hakijafuta mafaili, kimeyaficha tu. Windows bado inasikia amri za kuandika, kama enzi za MS-DOS iliyotoka 1981.

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, piga Enter.
2. Andika herufi ya flashi yako, mfano E: kisha Enter.
3. Andika dir /a upate orodha ya vyote, hata vilivyofichwa. Ukiona majina ya kazi zako, pumua.
4. Andika attrib -h -s -r *.* /s /d halafu Enter. Subiri imalize.

Alama ya kutoa maana yake ni kuondoa: -h ni kufichwa, -s ni alama ya mfumo, -r ni kusomwa tu. /s inaingia ndani ya kila folda, /d inagusa folda zenyewe.

Angalizo: usibofye zile shotikati, ndizo zinazoamsha kirusi. Amri hii haiui kirusi wala hairudishi faili lililofutwa kweli, kwa hiyo skani kwa antivirusi ndipo ufungue kazi zako. Na kama cmd imefungwa, muombe mwenye kafe akufungulie.