Hai Jalaba: Tarehe ya Mtaa na Lakabu za Juba

Hai Jalaba ni mtaa mdogo wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, na jina lake ni lakabu. Hai kwa Kiarabu ni mtaa. Jalaba ni wachuuzi; asili yake ni kitenzi cha Kiarabu cha kuleta bidhaa kutoka mbali, na kote Sudan waliitwa hivyo wafanyabiashara wa kaskazini, watu wa kandokando ya Nile, walioshika njia za misafara kwenda kusini na magharibi. Kanzu yao ndefu, jalabia, inafanana na neno hilo kwa sauti, lakini mtaa haukupewa jina kwa ajili ya kanzu.

Mwaka 1841 mashua za serikali ya Misri zikiongozwa na Selim Kapudan zilifika Gondokoro, jirani na ilipo Juba ya leo. Njia ya maji ikawa wazi. Wafanyabiashara wa Khartoum wakaja na askari wao wa kukodi, wakajenga zariba, yaani maboma ya miiba, kwanza kwa ajili ya pembe za ndovu, kisha kwa ajili ya watu. Jalaba walifuata nyuma ya matajiri hao, wakinunua mateka wachache wachache na kuwapeleka kaskazini. Hivyo jina la mleta bidhaa, kwa masikio ya watu wa kusini, likawa jina la mchukua watu. Doa hilo halijatoka hadi leo.

Katika maboma hayo na kambi za jeshi ndimo ilimozaliwa lugha inayotunza lakabu zote za Juba. Ni Kiarabu cha Juba, yaani Kiarabu kilichopunguzwa minyambuliko yake, kikachanganyika na Kibari na lugha nyingine za eneo hilo. Mtu wa Juba akisema “ana gi ruwa suk”, anakwenda sokoni, na Mnubi wa Kibera, Nairobi, atamwelewa bila mkalimani. Sababu ni ya kihistoria: mwaka 1891 afisa Mwingereza Frederick Lugard aliwachukua askari waliobaki wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria huko kusini, akawaingiza Uganda, na kizazi chao kikaenea Bombo, Kibera na kwingineko. Hata “Wanubi” ni lakabu, kwani wengi wao asili yao haikuwa Nubia bali makabila ya kusini mwa Sudan. Kibera yenyewe imepata jina kutokana na neno la Kinubi la msitu.

Juba kama mji ni mpya kuliko lugha yake. Ujenzi ulipamba moto kuanzia 1927, Wabari waliokuwapo wakiwa wameamriwa kuhama. Wafanyabiashara wa Rejaf, mji wa jirani, walihamishiwa huko mwaka 1929, na ofisi ya gavana wa jimbo la Mongalla ikafuata mwaka 1930. Wakati huohuo Waingereza, waliokuwa wakiitawala Sudan, walikuwa wakimzuia jalaba asifike. Sheria ya vibali ya mwaka 1922 iliifanya kusini kuwa eneo lililofungwa, na waraka wa afisa wao Harold MacMichael wa Januari 1930 ulitaka wafanyabiashara Wagiriki na Washami wapewe nafasi badala ya wale wa kaskazini. Wagiriki wakajenga maghala na maduka ambayo mengine bado yamesimama. Watu wakawaita khawaja, neno la Kiajemi lililowapa jina pia Makhoja wa Unguja na Mombasa. Ajabu ya mji huu ni kwamba mtaa uliokuwa wa Wagiriki ndio unaoitwa leo Hai Jalaba. Sera ile iliachwa mwishoni mwa 1946, jalaba wakaongezeka, na jina lao likawafunika waliowatangulia.

Mitaa mingine ina visa vyake. Malakia maana yake ni makazi ya raia, tofauti na kambi. Waliishi humo askari waliostaafu na familia zao. Atlabara ni amri: toka nje! Hai Neem inakumbuka miarobaini, na Hai Referendum ni ukumbusho wa kura ya maoni ya uhuru ya Januari 2011.

Mkataba wa amani wa Januari 2005 kati ya Khartoum na waasi wa kusini ulizaa lakabu mpya. Kiongozi wa waasi hao, John Garang, alipofariki kwa ajali ya helikopta mwezi Julai mwaka huo, maduka ya watu wa kaskazini mjini Juba yaliporwa na kuchomwa, na wengi wakakimbia. Nafasi yao sokoni ikajazwa na Waganda, Wakenya, Waethiopia, Waeritrea na Wasomali. Pamoja nao walirudi wakimbizi. Waliotoka Khartoum, ijapokuwa ni wazawa wa kusini, waliitwa jalaba kwa Kiarabu chao cha mjini na mavazi yao. Waliotoka kambi ya Kakuma, Nairobi na Kampala waliitwa “wewe”. Kwa Kiarabu cha Juba “wewe” ni ita, hivyo aliyemwita mwenzake “wewe!” sokoni alijitaja papo hapo kuwa ni wa Afrika Mashariki. Ni nadra kwa kiwakilishi kupanda cheo hadi kuwa kabila.

Vijana nao walichota Marekani. Makundi ya mitaani, Khartoum kwanza na Juba baadaye, yaliitwa “niga”, tusi la kale la Wamarekani weupe ambalo wanamuziki weusi wa rapu wameligeuza kuwa salamu. Mengine yaliitwa Toronto, jina la mji wa Kanada. Wamarekani wenyewe wana kisa cha jinsi hiyo: “Yankee” lilikuwa neno la kejeli la askari wa Kiingereza katika karne ya 18, kisha waliodhihakiwa wakalivaa kama nishani. Jalaba hawakubahatika hivyo.

Vita vilipozuka Khartoum mnamo Aprili 2023, Wasudani walikimbilia Juba, wengine wakafungua maduka. Januari 2025, baada ya habari za mauaji ya Wasudani Kusini huko Wad Madani, Sudan, maduka hayo yaliporwa, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku.