Shujaa, adui, habithi: majina ya wema na waovu katika katuni ya He-Man

shujaa nm [a-/wa-] wing. mashujaa. 1 mtu asiyeogopa hatari, jasiri. 2 mhusika mwema anayebeba kisa; jagina, nguli.

adui nm [a-/wa-] wing. maadui. 1 mtu anayemtakia mwingine mabaya, hasimu. 2 (mitaani) mhusika mwovu wa filamu.

Maana ya pili ya kila neno ndiyo inayowatatiza wanafunzi na wafasiri. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, na yalipoingia katika Kiswahili hayakuwa jozi. *Shujaa* hutaja moyo wa mtu: awe peke yake nyikani au mbele ya jeshi, shujaa ni shujaa. *Adui* hutaja uhusiano. Hakuna adui asiyekuwa wa mtu, na msikilizaji akiambiwa “adui amefika” hubaki na swali: wa nani? Hata sarufi inashuhudia tofauti hiyo. Mswahili husema *shujaa wake* lakini *adui yake*, kama asemavyo *rafiki yake*, *ndugu yake* na *jirani yake*. Adui amewekwa katika kundi la watu ambao mtu hufungamana nao.

Makala haya yanatazama maneno hayo, pamoja na mengine yanayoandamana nayo, kwa kutumia mfano mmoja unaofaa kwa mafunzo kwa sababu mpaka wake kati ya wema na uovu umechorwa kwa wino mzito: *He-Man and the Masters of the Universe*, katuni ya Marekani iliyotengenezwa na studio ya Filmation na kuanza kuonyeshwa Septemba 1983. Ilikuwa na misimu miwili yenye jumla ya vipindi 130. Wanasesere wa kampuni ya Mattel walitangulia kuuzwa mwaka 1982, na katuni ikafuata kuwapa kisa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Katika sayari ya Eternia, mwanamfalme Adam, mtoto wa Mfalme Randor na Malkia Marlena, huinua upanga wake na kugeuka He-Man, mtu mwenye nguvu kupita wote. Siri hiyo inajulikana na wachache tu: Sorceress anayelinda Ngome ya Grayskull, Man-At-Arms ambaye ni mwalimu wa vita wa mwanamfalme, Orko wa vituko, na chuimilia Cringer anayegeuka Battle Cat. Upande wa pili yuko Skeletor mwenye uso wa fuvu, akikaa Snake Mountain pamoja na Evil-Lyn, Beast Man, Trap Jaw na wengineo, na haja yake kubwa ni kuingia ngomeni na kuzitwaa siri zake.

Stelingi na adui wa vibanda vya video

Mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi anayesimulia filamu hatasema “mhusika mkuu” wala “jagina”. Atasema *stelingi* (pia *steringi*, *staringi*), neno lililotokana na maandishi ya Kiingereza yanayotangulia jina la mwigizaji mkuu kwenye mabango ya filamu. Mpinzani wake ni *adui*, bila kimilikishi chochote. Kwa hiyo swali la “adui wa nani?” limejibiwa kimya kimya: ni adui wa stelingi, na kwa kuwa watazamaji wote wako upande wa stelingi, ni adui wao pia. Maana hiyo imekomaa katika vibanda vya video na katika masimulizi ya filamu za kigeni, kazi iliyowapa umaarufu watu kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya.

Neno *stelingi* limezaa kanuni yake: stelingi hafi. Hapa ndipo lilipotengana na *shujaa*. Shujaa wa utamaduni wa Waswahili hufa, na mara nyingi huuawa na wa karibu. Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, anachomwa kitovuni kwa shaba na mwanawe mwenyewe. Methali nayo inaonya kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. He-Man hana kilio nyumbani kwake. Kwa kipimo hicho yeye ni stelingi kwanza, shujaa baadaye, na mwanafunzi anayemlinganisha na Liyongo katika insha yake asiipite tofauti hiyo bila kuitaja.

Kwa matumizi rasmi, *stelingi* ibaki katika mazungumzo ya wahusika au katika maandishi ya kimzaha. Katika uhakiki, *jagina* na *nguli* yanakubalika, ila *nguli* pia hutumika kwa mtu aliyebobea katika fani, kama nguli wa taarabu, na sentensi isipokaa vizuri inaweza kupotosha.

Je, Skeletor ni adui, mhalifu, jahili au habithi?

Kamusi nyingi humpa mfasiri rundo la maneno bila kumwambia lipi la nini. *Mhalifu* ni mtu aliyevunja sheria. Humfaa mwizi wa benki, na humfaa Skeletor kwa shida, kwa kuwa hatambui utawala wa Randor hata kidogo. *Mpinzani* na *mkinzani* ni maneno ya muundo wa kisa: mpinzani anaweza kuwa mtu mwema kabisa anayetaka kitu kilekile anachokitaka jagina. *Jahili* katika asili yake ni mtu asiye na elimu, na ingawa Kiswahili kimelipa pia maana ya mkatili, harufu ya ujinga haijaisha. Skeletor si mjinga. Wajinga, kwa maneno yake mwenyewe, ni watumishi wake. *Habithi* ndilo linalotaja uovu wa tabia, uovu unaokaa ndani ya mtu hata asipokuwa na wa kumdhuru.

Tofauti kati ya *adui* na *habithi* inaonekana wazi katika kipindi kiitwacho “Evilseed”. Kiumbe wa mimea mwenye jina hilo anatishia kuifunika Eternia nzima, na He-Man analazimika kushirikiana na Skeletor kumzuia. Kwa muda wa kipindi hicho Skeletor si adui ya He-Man, ni mshirika wake, na mfasiri anayemwita *adui* katika kila sentensi ya muhtasari atajikuta ameandika “He-Man na adui wakasaidiana”, jambo linalomchanganya msomaji. Lakini *habithi* hakulivua. Anasaidia kwa sababu Eternia ikifunikwa na majani hatabaki na cha kutawala.

Neno *shujaa* nalo lina mtihani wake. Katika kipindi kiitwacho “The Problem with Power”, Skeletor anamtega He-Man hata akaamini kwamba nguvu zake zimemuua mtu asiye na hatia. He-Man anautupa upanga na kuapa kutogeuka tena. Hila inapofichuliwa ndipo anapourudia. Ni miongoni mwa vipindi vichache ambavyo hatari yake imo ndani ya jagina mwenyewe. Mwanafunzi akiulizwa kama He-Man aliacha kuwa shujaa alipoutupa upanga, jibu linategemea maana gani ya neno inatumika. Kwa maana ya kwanza, ya kutoogopa, alivunjika moyo. Kwa maana ya pili, ya wema, hapo ndipo alipokuwa shujaa zaidi kuliko siku nyingine zote, kwa kuwa hakutafuta kisingizio. Kiswahili kina neno *jasiri* kwa maana ya kwanza peke yake, na halina upande: jambazi anaweza kuwa jasiri. Pale maadili yanapohusika, afadhali *shujaa*.

Tatizo la “mchawi”

Hakuna neno katika katuni hii linalohitaji tahadhari kuliko hili. Sorceress na Evil-Lyn ni wanawake wawili wenye nguvu zisizo za kawaida. Sauti zao zilitolewa na mwigizaji mmoja, Linda Gary. Mmoja analinda ngome na kumpa Adam uwezo wake, mwingine anamtumikia Skeletor, hali akimsubiri ateleze. Majina ya Kiingereza yanaruhusu wote wawili wafanye kazi ya aina moja kwa nia tofauti. Kiswahili hakiruhusu. *Mchawi* ni mtu anayedhuru. Nia mbaya imo ndani ya neno. Kumwita Evil-Lyn mchawi ni sawa. Kumwita Sorceress mchawi ni kumhamishia Snake Mountain.

Si suala la ladha tu. Uchawi ni kosa linalotajwa katika sheria za Kenya tangu 1925 na za Tanzania tangu 1928, na katika maeneo kama Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa tu kuwa wachawi. Mtoto anayesikia katika katuni kwamba bibi aishiye peke yake ngomeni ni “mchawi mzuri” anapewa kauli isiyo na mahali pa kukaa katika lugha yake, na akijaribu kuipa mahali, huenda akakumbuka neno la kwanza na kulisahau la pili.

Badala zake zina kasoro pia. *Mganga* ana nia njema, lakini huja na mkoba, wateja na malipo, na Sorceress hana hata kimoja. *Sahiri* linarudi palepale, kwa kuwa *sihiri* ni uchawi. *Kahini* lina upande wa udanganyifu. *Mwaguzi* linakaribia, kwa sababu anaona ya mbali, ila halibebi ulinzi. *Muujiza*, kwa matendo yake, ni neno ambalo wasikilizaji wengi humwachia Mungu na mitume wake. Suluhisho linalofaa zaidi ni kumtaja kwa kazi badala ya kwa uwezo: *Mlinzi wa Ngome*. Kisha nguvu zake ziitwe *nguvu za ghaibu*, na mabadiliko yake kuwa ndege Zoar yaelezwe kwa kitenzi pekee: *akageuka kozi*. Orko, ambaye vitendo vyake huharibika mikononi mwake, anafaa *mazingaombwe* na *kiinimacho*. Maneno hayo yana uchekeshaji unaomstahili.

Mambo mengine ya msamiati yanaweza kutajwa kwa kifupi. *Ngome* inafaa Grayskull kuliko *kasri*, kwa kuwa kasri ni makao ya mfalme na Randor anayo yake. Msikilizaji wa Mombasa anayeijua Ngome ya Yesu atapata picha mara moja. Upanga wa Adam humpa *nguvu*, si *mamlaka*: mamlaka ni ya baba yake. Katika ukelele wake wa kugeuka, *Nguvu ninazo!* inapita *Nina nguvu!*, ambayo inaweza kusemwa na mgonjwa aliyepata nafuu. Snake Mountain ikitafsiriwa, *Mlima wa Nyoka* ni wazi zaidi kuliko *Mlima Nyoka*.

Matusi na vitenzi

Katuni za televisheni za watoto za miaka hiyo zilibanwa katika masuala ya ukatili. He-Man hampigi mtu kwa upanga. Humwinua na kumtupa topeni. Kwa hiyo vitenzi vya mapambano viwe vya mieleka: *kubwaga*, *kurusha*, *kutimua*, *kupiga mwereka*. Skeletor naye hukimbia kila mara, na *kutimka* humfaa kuliko *kutoroka*, kwa sababu anayetoroka amekuwa mfungwa kwanza.

Utajiri wa Skeletor uko katika ulimi. Sauti yake nyembamba, iliyotolewa na Alan Oppenheimer, huwashushia watumishi wake matusi kuliko inavyomshushia He-Man. Kiswahili kina hazina ya kutosha hapa, yenye ukali usiovuka adabu ya watoto: *zuzu*, *zumbukuku*, *bwege*, *juha*, *baradhuli*. Mfasiri ayapange kwa mtu. Beast Man ni *zumbukuku*, kwa kuwa hukosea bila kujua. Evil-Lyn haiwezekani kuitwa hivyo. Kwake *baradhuli* inakaa, kwa kuwa anafahamu anachofanya. Katika wingi, wito huja na kiwakilishi nyuma, *mazuzu nyinyi!*, na hapo mdundo wa ghadhabu unapatikana bila kuongeza neno.

Majina ya He-Man na She-Ra (dada pacha wa Adam, aliyepewa katuni yake mwaka 1985) yana mchezo ambao hauwezi kuvuka: yanaanza kwa viwakilishi vya mwanamume na mwanamke, na Kiswahili kina *yeye* mmoja tu. Hasara hiyo ina fidia. *Shujaa* halina jinsia, wala *jagina*, kwa hiyo She-Ra ni shujaa bila kuhitaji “wa kike” nyuma yake. Nyongeza hiyo, inayoonekana mara kwa mara katika tafsiri, ni mabaki ya Kiingereza.

Mwaka huohuo wa 1985 ulitolewa mkasa maalumu wa Krismasi, ambamo Skeletor anawalinda watoto wawili wa Duniani barafuni na hatimaye kuwaokoa, huku akishindwa kuelewa ni nini kimempata. Muhtasari wake usiseme *alitubu* wala *aliongoka*, vitenzi vinavyodai badiliko la kudumu. *Alilainika* inatosha. Mwishoni anafarijiwa kwamba Krismasi huja mara moja tu kwa mwaka, naye anashukuru.