Profesa wa mita 800

Jua halijapanda juu ya vilima vya Nyamwaga, wilayani Tarime, na watoto wako njiani tayari, madaftari kwapani. Shule iko mbali na kengele haina subira, hivyo anayechelewa hukimbia. Ndivyo ilivyo pia wilayani Serengeti, katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mugumu. Hakuna anayeziita mbio hizo mazoezi. Lakini ng'ambo ya mpaka wa Sirari yuko profesa aliyezitilia maanani hadi akazihesabu.

Profesa huyo ni Mike Boit, Mnandi wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1949, ambaye kabla ya kushika chaki aliishika dunia kwa miguu. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 alipata shaba ya mita 800. Ilikuwa fainali ya roho juu: Dave Wottle wa Marekani, aliyeanza akiwa mkiani, alimpiku Yevgeni Arzhanov wa Muungano wa Kisovieti kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, na Boit akaingia nyuma yao kwa dakika 1 na sekunde 46.01. Katika mita 1,500 alishika nafasi ya nne.

Hakuikanyaga Olimpiki tena. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, ziligomea Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Boit alibaki nyumbani, na mkimbiaji wetu Filbert Bayi vilevile, ilhali huo ndio uliokuwa umri wao wa kukimbia. Miaka minne baadaye Kenya iligoma tena, safari hii pamoja na Marekani, lakini Tanzania ilikwenda Moscow. Huko Suleiman Nyambui, mwana wa Majita hapa hapa mkoani Mara, akanyakua fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, naye Bayi akapata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Boit alikuwa amejifariji kwa dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, mwaka 1978.

Vyuo vya Marekani vilikuwa vikiwafadhili vijana wa Afrika wenye mbio, na kila mmoja aliitumia nafasi hiyo kwa namna yake. Nyambui alisoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, na baadaye akawa kocha na kiongozi wa riadha. Boit alianzia chuo cha Eastern New Mexico, akaenda Stanford, kisha akapata udaktari wake Chuo Kikuu cha Oregon. Aliporudi Kenya alikuwa kamishna wa michezo, kisha akajikita Chuo Kikuu cha Kenyatta akifundisha sayansi ya mazoezi na michezo.

Huko ndiko swali la mbio za kwenda shule lilikopata karatasi. Mwaka 2006 yeye na wenzake, wakiongozwa na Vincent Onywera, walichapisha utafiti juu ya wanariadha 404 wa Kenya wa masafa ya kati na marefu, wakiwalinganisha na Wakenya wasio wanariadha. Kati ya waliofika ngazi ya kimataifa, asilimia 81 walisema walikuwa wakikimbia kwenda shule. Kwa wananchi wa kawaida ilikuwa asilimia 22. Utafiti haukudai kwamba njia ya shule peke yake humzaa bingwa, kwani ulitazama pia kabila na mahali mtu alikozaliwa.

Waliohojiwa walikuwa Wakenya. Lakini Wakurya, wenyeji wa Tarime, wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Tarime imeinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Ingekuwa jambo jema mwanafunzi mmoja wa idara hiyo apande basi la Tarime akiwa na saa ya kupimia mbio, alale Nyamwaga, na saa kumi na mbili asubuhi asimame kando ya ile njia ya shule.