Subira ya Nani? Usiku Mrefu Nyuma ya Sandwichi ya Nguruwe

Maelekezo yoyote ya kupika sandwichi ya nguruwe ya kuchambua, ile ya majimbo ya Kusini mwa Marekani, yana amri moja inayojirudia: subiri. Chukua bega la nguruwe, lipake chumvi, sukari na pilipili, liweke kwenye moto mdogo, halafu subiri masaa 8. Wengine wanasema 10, wengine 12. Likishalegea lichambue kwa uma, litie siki, lijaze kwenye mkate laini, juu yake weka kachumbari ya kabichi yenye matunda. Kazi ya mikono yenyewe haizidi saa moja. Kinachobaki chote ni muda.

Wahenga wetu walisema subira yavuta heri. Hawakusema kwamba ni lazima heri hiyo imfikie yule aliyesubiri. Historia ya chakula hiki, ukiisoma vizuri, ni historia ya watu waliokesha ili wengine wale, na hicho ndicho ninachotaka tukizungumze leo. Kama wewe si mlaji wa kitimoto, usiondoke. Hapa tunasoma zaidi kuliko tunavyokula.

Tuanze na neno lenyewe. "Barbikyu" limetokana na barbacoa, neno ambalo Wahispania walilikuta kwa Wataino wa visiwa vya Karibi. Lilikuwa na maana ya uchaga wa vijiti ulioinuliwa juu ya ardhi. Uchaga tunaujua sisi: ule wa juu ya mafiga, ambapo bibi anatandaza samaki au mahindi yapate moshi. Kwa hiyo mbinu ya kuweka nyama juu ya vijiti na kuuachia moto wa chini ufanye kazi polepole ilikuwepo Amerika kabla ya meli za Ulaya kufika.

Nguruwe, yeye, hakuwepo. Aliletwa. Hernando de Soto alipotua Florida mwaka 1539 alikuwa na kundi la nguruwe miongoni mwa mizigo yake, na baadaye Waingereza nao wakaleta wa kwao Virginia na Carolina. Nguruwe ni mnyama asiye na gharama: walimwachia msituni akale mbegu za mialoni, akinenepa wanamfuata. Ndo maana Kusini ikawa nchi ya nguruwe.

Halafu wakaletwa watu. Hapa ndipo mabishano yalipo, na ni mabishano mazuri kuyafuata. Michael Twitty, katika kitabu chake The Cooking Gene cha mwaka 2017, anaufuatilia mkono wa Waafrika ndani ya chungu cha Kusini. Adrian Miller, katika Black Smoke cha mwaka 2021, anasisitiza kwamba tusiwasahau wenyeji wa asili wa Amerika, ambao walikuwa na mbinu zao kabla ya wote. Hata hivyo, katika jambo moja hawatofautiani: kwa vizazi vingi, waliokuwa wakichimba shimo, wakichoma kuni na kugeuza nyama walikuwa watu weusi, na sehemu kubwa ya vizazi hivyo walikuwa watumwa.

Na kwa nini polepole? Wapenzi wa nyama choma huwa wanauliza: mbuzi wetu si anaiva haraka tu? Jibu liko ndani ya bega lenyewe. Bega ni kiungo kinachobeba mwili wa mnyama siku nzima, kwa hiyo limejaa kano na utando mgumu unaoitwa kolajeni. Ukiliweka kwenye moto mkali linakuwa kama raba. Lakini likikaa kwenye joto la wastani kwa muda mrefu, nyama ikishavuka nyuzi 70 hivi za Selsiasi, kolajeni inaanza kuyeyuka na kuwa jelatini, kitu kilekile kinachofanya supu ya makongoro ishikane midomoni. Ndani ya nyama ikifika nyuzi 90 hadi 95, mfupa unachomoka wenyewe. Hapo unaichambua. Kwa oveni ya siku hizi, nyuzi 120 na masaa yako 8 au zaidi, unalala tu. Kwa shimo la udongo ilikuwa habari nyingine. Kuni zinachomwa pembeni hadi ziwe makaa, makaa yanachotwa kwa koleo na kutandazwa chini ya nyama, kidogo kidogo, usiku kucha. Ukisinzia, moto unazima au nyama inaungua. Lazima awepo mtu macho.

Sasa hebu tusome maandishi mawili, maana sisi ni watu wa maandishi.

La kwanza ni shajara ya George Washington. Mei 1769, miaka 20 kabla hajawa rais, anaandika kwamba alikwenda Alexandria, Virginia, kwenye barbikyu na akakaa huko usiku mzima. Basi. Ni mstari mfupi tu, wa mtu aliyekwenda kujifurahisha na majirani zake. Hasemi nani aliyechimba shimo wala nani aliyepika. Na si kwamba alificha. Kwa mtu wa tabaka lake, mwenye mashamba na watumwa, hilo halikuwa jambo la kuandikwa. Nyama ilikuwepo, kama vile mvua inavyokuwepo.

La pili lilichukua zaidi ya miaka 160 kufika kwenye karatasi. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani, kupitia mradi wake wa kuwapa waandishi kazi, iliwatuma watu wakawahoji wazee waliowahi kuwa watumwa. Yalikusanywa mahojiano zaidi ya 2,300. Mmoja wa wazee hao ni Wesley Jones wa Union, South Carolina, aliyehojiwa mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 97. Akikumbuka ujana wake, anaeleza karamu kubwa zilizofanyika karibu na duka moja la kijijini, wanasiasa wakija kuhutubia. Usiku wa kuamkia siku hiyo, anasema, yeye alikuwa halali.

Halafu anatoa maelekezo, na ni maelekezo kamili. Sosi yake ilikuwa ya siki, pilipili manga na pilipili nyekundu, chumvi, siagi, seji kidogo, giligilani, rehani, kitunguu maji na kitunguu saumu. Wengine, anasema, walikuwa wanadondoshea sukari kidogo. Anazungusha kitambaa laini au pamba kwenye ncha ya kijiti kirefu, anachovya, anaipaka nyama, anaigeuza, anaipaka tena, mpaka kunakucha. Matone yakidondokea makaani yanaugeuza moshi kuwa kiungo, na moshi huo unairudia nyama. Ukitaka kujua elimu ya barbikyu ilikuwa inakaa wapi, ilikuwa inakaa hapo. Jones alikuwa anajua moshi unafanya nini na kwa nini.

Tuyasome mahojiano hayo kwa tahadhari. Wahojaji wengi walikuwa weupe, tena wa mitaa ileile, na waliandika maneno ya wazee kwa tahajia ya kukosea makusudi ili yasikike ya "kienyeji". Mzee wa miaka 97 mbele ya mgeni mwenye daftari hasemi yote. Pamoja na hayo, yaweke maandishi haya mawili kando kwa kando. Washington alikaa usiku kucha, Jones alikesha usiku kucha. Mmoja anakumbuka sherehe, mwingine anakumbuka hatua kwa hatua ya kazi.

Na hao waliokesha, wenyewe walikula nini? Frederick Douglass anatupa kipimo katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1845. Katika shamba la Maryland alikokulia, posho ya mtumwa mzima kwa mwezi ilikuwa ratili 8 za nyama ya nguruwe, au samaki wa thamani hiyo, pamoja na pishi kadhaa za unga wa mahindi. Ratili 8 za huko ni kama kilo 3 na nusu hivi. Sasa rudi kwenye maelekezo yetu ya Jumamosi. Bega moja lenye mfupa, lile tunaloambiwa linatosha wageni 10 wakiwa wanapiga soga, lina kilo 3 hadi 4. Yaani mwezi mzima wa mtu mmoja aliyelima kuanzia alfajiri hadi giza unakaa kwenye sinia moja.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, ujuzi ulibaki mikononi mwa waliokuwa nao, na barbikyu ikawa chakula cha kusherehekea uhuru. Kila tarehe 19 Juni, kuanzia Texas, watu weusi walikusanyika kukumbuka siku hiyo na nyama ilikuwepo. Safari hii waliokesha ndio waliokula. Ikawa pia biashara: mtu anachimba shimo nyuma ya nyumba, Jumamosi anauza. Mwanzoni mwa karne ya 20 barbikyu iliingia mjini, na kwa mteja asiye na muda wa kukaa mezani, njia rahisi ya kuuza nyama iliyochambuliwa au kukatwakatwa ni kuitia kwenye mkate. Huko North Carolina bado wanagombana kama sisi tunavyogombana kuhusu pilau. Wa mashariki wanapika nguruwe mzima kwa siki na pilipili tu. Wa upande wa Lexington wanapika bega na wanatia nyanya kidogo kwenye siki yao.

Na kachumbari je? Hiyo imetoka upande mwingine kabisa. Jina lake la Kiingereza, coleslaw, limetokana na Kiholanzi, koolsla: kool ni kabichi, sla ni saladi. Wadachi ndio waliokuwa na koloni New York kabla ya Waingereza. Mwaka 1749 msafiri na mtaalamu wa mimea Pehr Kalm alikula kwa mama mwenye nyumba wake wa Kidachi huko Albany saladi ya kabichi iliyokatwa nyembamba, ikatiwa mafuta, siki, chumvi na pilipili, akaona inafaa kuiandika. Mayonesi ilikuja baadaye sana. Lexington hawaitaki mpaka leo. Kachumbari yao ni nyekundu, ya siki na nyanya. Memphis wanaiweka ndani ya mkate, juu ya nyama.

Tunda ni mgeni wa karibuni, lakini ana sababu ya kuwepo. Mafuta ya nguruwe yanachosha ulimi, na kinachouamsha ni uchachu. Waingereza walishajua hilo, ndiyo maana nguruwe wao anaandamana na tufaha. Ukikata tufaha la kijani, au nanasi, au embe bichi ukalichanganya na kabichi, karoti, ndimu na chumvi, unafanya kazi ileile inayofanywa na siki ya Jones. Na sisi tunaokula embe bichi kwa chumvi na pilipili tangu shule ya msingi hatuhitaji kufundishwa.

Ningependa kuishia hapo kwenye embe, lakini kuna ukurasa mmoja ambao hauruki. Mwaka 1964, muda mfupi tu baada ya Sheria ya Haki za Kiraia kutiwa saini, mwanamke mweusi aitwaye Anne Newman alikwenda kununua chakula kwenye moja ya migahawa ya barbikyu ya Piggie Park, Columbia, South Carolina. Hawakumhudumia. Utaratibu wa mwenye kampuni, Maurice Bessinger, ulikuwa kwamba mtu mweusi aagize kwenye dirisha la jikoni, achukue chakula chake, aondoke. Kulia pale haruhusiwi. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 1968 Bessinger alishindwa. Hoja yake kwamba dini yake ilimkataza kuchanganya watu, mahakama iliiona haina uzito wowote.

Fikiria dirisha hilo. Ni jimbo lilelile la Wesley Jones. Miaka 31 baada ya mzee yule kueleza sosi yake, ilibidi majaji waamue kama watu wa ukoo wake wanaweza kuketi wakala nyama iliyopikwa kwa ujuzi wa babu zao.

Hali imebadilika, japo kwa mwendo wa nyama yenyewe. Mwaka 2018 Rodney Scott, mpishi mweusi aliyekulia Hemingway, South Carolina, akipika nguruwe mzima katika biashara ya familia yake, alipewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa ukanda wa kusini mashariki. Hata hivyo, maelekezo mengi tunayosoma mtandaoni bado yanaanza na "mapishi asilia ya Kimarekani", kana kwamba yaliota yenyewe.

Katika fasihi tuna neno uchambuzi. Ni kazi ileile ya uma kwenye bega: kutenganisha nyuzi moja moja mpaka uone kilichokuwa kimezishikanisha. Kwa hiyo pika, kwa nguruwe au kwa bega la mbuzi, yote yanakubali. Washa oveni usiku, ulale. Asubuhi chambua, tia siki yenye pilipili nyekundu, katia embe bichi kwenye kabichi. Na ukiyaandika maelekezo yako ili wengine wapike, pale kwenye mstari wa sosi andika: kama alivyoeleza Wesley Jones, Union, South Carolina, 1937.